Ubeti wa Tatu wa Baba Jep

Mume wangu Amos ameliza watu kuanzia Kapsoya hadi Timboroa, na yeye mwenyewe hajawahi kudondosha chozi hata moja. Nasema hivi kwa sababu mimi ndiye ninayefua kile kitambaa chake cheupe. Kinatoka mfukoni kikavu, kinarudi kikavu, na kazi yangu inabaki kukipiga pasi tu.

Amos ndiye mwimbaji kiongozi wa kwaya yetu ya Kapsoya. Mimi husimama nyuma yake, kwenye sauti ya pili, ile ambayo hakuna anayeisikia mpaka siku ikikosekana. Kutoka hapo nyuma nimekitazama kisogo chake kwa miaka mingi, na kisogo cha mwimbaji kina habari nyingi. Walio mbele huona macho yamefumbwa na mkono wa kulia umeinuliwa. Mimi huona vidole vya mkono wa kushoto vikihesabu mapigo mgongoni.

Ana kanuni zake, na kila anayejiunga na kwaya hufundishwa kabla hata ya kupimiwa sare. "Ubeti wa kwanza, wajulishe. Wa pili, watikise. Wa tatu, wamalize." Kitambaa hutoka mfukoni katika mstari wa pili wa ubeti wa tatu, si kabla. Na machozi yenyewe ni ya wanaosikiliza. "Mwimbaji akilia, koo linafunga, wimbo umekufa," husema. "Mimi nina kitambaa. Kitambaa kinatosha."

Basi akiwa na mwaliko wa kuimba, nyumba nzima inaugua. Soda baridi ni marufuku. Tangawizi inachemka jikoni tangu asubuhi. Dukani kwake mjini, anakouza dawa za kupe na chakula cha kuku, wateja huhudumiwa kwa ishara kwa sababu sauti inapumzishwa. Mkulima wa watu ameacha kazi zake, amekuja kuuliza dawa ya minyoo ya kondoo, anajibiwa kwa vidole kama yuko kwa daktari wa meno. Siku moja aliimba kwenye mazishi ya mzee ambaye hakuwahi kumwona akiwa hai, akaimba kwa uchungu mpaka ndugu za marehemu wakaniita pembeni. Waliniuliza kwa heshima zote kama mume wangu ni mtoto wa marehemu ambaye wao hawakuambiwa. Nikawaambia hapana, ni mwimbaji wa sauti ya tenor tu.

Nampenda, msinielewe vibaya. Lakini mtu huyu nimeishi naye.

Sasa binti yetu Jepchumba alipata mchumba, kijana anayeitwa Mungai, wa watu wa Timboroa, ambaye kazi yake iko Mombasa. Tulifurahi, ingawa Mombasa ni mbali. Jep alizaliwa na kifua kibaya, na baridi ya Eldoret haikumhurumia alipokuwa mdogo. Mvua ikianza tu, na kikohozi kinaanza. Nilijiambia huko kwenye joto atapumua, na nikajiambia hivyo mara nyingi sana, kwa sababu moyo ulikuwa haukubali.

Kamati ya harusi ilipomuuliza bibi harusi anataka nini katika sherehe, alitaja kitu kimoja. Alitaka baba yake amwimbie wimbo wa kifua.

Wimbo wa kifua haumo katika kitabu chochote. Amos aliutunga mwenyewe enzi zile alipokuwa mpakiaji wa magunia, kabla hatujapata duka. Alikuwa akirudi jioni mgongo umekufa, anamkuta mtoto anakohoa hana usingizi, anaketi ukingoni mwa kitanda na kuimba:

*Kuku wamelala, ndama amelala,*
*lori la mahindi limezima taa.*
*Na wewe, Jep, unangoja nini?*

*Mvua imechoka kupiga mabati,*
*mbwa wa jirani amemaliza maneno.*
*Na wewe, Jep, unangoja nini?*

Ni hivyo tu. Halafu alikuwa akizima taa na kutoka chumbani kwa ncha za vidole, mtu mzima na miguu yake mikubwa, ananyata kama mwizi wa kuku. Mimi niko jikoni. Nauliza, "Amelala?" Ananijibu, "Amelala. Usigonge sufuria." Maisha yetu ya ndoa, kwa sehemu kubwa, yalikuwa maneno hayo.

Amos alipoambiwa ombi la binti yake, alifurahi, kisha akafanya kosa ambalo ni mwimbaji tu angelifanya. Alikwenda kuutengeneza.

Alijifungia na Brian, kijana anayetupigia kinanda. Jumamosi iliyofuata wimbo wa kifua uliletwa kanisani ukiwa na sauti nne. Soprano walipewa mlio wa upepo. Kina Okello wa bezi walipewa kurudia "Unangoja! Unangoja!" kwa sauti nzito, kama askari anayefukuza wachuuzi barabarani. Brian alipandisha ufunguo baada ya kila ubeti. Amos mwenyewe alizipiga kona, na mkijua waimbaji wetu mnajua kona: neno moja linazungushwa koo zima kabla halijaachiliwa. Ndama peke yake alichukua muda wa kutosha kukua na kuzaa.

Na kulikuwa na ubeti wa tatu. Mpya.

*Ua la nyanda za juu, leo wachumwa,*
*machozi ya wazazi ndiyo umande wako...*

Hatujawahi kusema "wachumwa" nyumbani kwetu. Sijui alikolitoa.

Jep alikuwa amekuja kutusikiliza. Aliketi kwenye benchi la mbele na mkoba wake magotini, na tulipomaliza wanakwaya wenyewe walijipigia makofi. Okello alisema, "Hii, watu watabebwa na ambulansi." Amos akarudisha kitambaa mfukoni, akamgeukia binti yake kwa unyenyekevu ule wa mtu anayesubiri sifa.

"Ni poa, Baba," Jep alisema. "Lakini hii si ile."

"Si ile aje? Maneno ni yale yale."

"Hii verse ya tatu imetoka wapi?"

"Wimbo lazima uwe na ubeti wa tatu, mama. Ule wako ulikuwa haujaisha."

"Uliisha, Baba. Nililala."

Hapo hata Brian aliondoa mikono kwenye kinanda. Amos alijaribu kucheka. Akaeleza, kwa ile sauti yake ya kufundisha, kwamba wimbo wa kitandani hauwezi kuimbwa vile vile mbele ya watu mia tatu, kwamba mahali pakiwa pakubwa na wimbo unakuzwa, kwamba wageni wa Timboroa wamesikia sifa zake na hawezi kuwapa kuku na lori.

"Lakini hao watu mia tatu hawakuwa na kifua," Jep alisema. Macho yake yalikuwa yameanza kujaa. "Kifua kilikuwa changu. Baba, mimi naenda. Nilitaka kuusikia mara moja tu kabla sijaenda. Kama ni huu, heri usiimbe, dijei aweke kitu."

Alichukua mkoba wake akatoka. Nikasikia bodaboda ikinguruma nje, na Amos bado amesimama pale mbele.

Kwa siku kadhaa hakukuwa na amani kwetu. Amos aliendelea kunywa tangawizi kwa hasira. Nilimwambia ngoma ikilia sana hupasuka. Akaniambia sauti ya pili haijawahi kuelewa mzigo wa kuongoza. Nikamwachia hilo, kwa sababu nilimwona usiku akijigeuza kitandani, na najua tofauti ya mtu aliyeudhika na mtu aliyeumia.

Jioni moja nilimsikia bafuni. Alikuwa anajaribu wimbo wa kifua, ule wa zamani, bila kinanda wala kwaya. "Kuku wamelala," akaanza vizuri. Alipofika kwa ndama sauti ikakata kona yenyewe, kama ng'ombe aliyezoea njia ya josho. Akakohoa, akaanza upya. Kona tena. Akaanza tena, safari hii polepole, na nikasikia mtetemo ule wa mazishi ukiingia kwenye lori la mahindi. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Nilikuwa nimefungua mdomo nimtanie, ndipo akatoka na taulo shingoni, uso umeanguka.

"Mama Jep," akasema, "nimesahau vile nilikuwa naimba."

Sikumtania. Nilimwambia nilichokumbuka. "Ulikuwa umechoka, Baba Jep. Ulikuwa umebeba magunia kutoka asubuhi. Hukuwa na nguvu ya kuongeza kitu."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kulala. Asubuhi aliniambia ameamua: ataimba ule wa sauti nne, kwa sababu huo ndio anaoujua, na Jep atazoea akisikia makofi. Nikapiga pasi kitambaa, nikakikunja mara nne, nikakitia mfuko wa kushoto wa suti mpya. Sikio la kufa halisikii dawa.

Harusi ilikuwa Agosti, na mvua ya Agosti huku kwetu haina adabu. Ibada ilikwisha salama, sherehe ikahamia kwenye bustani tuliyokodi Elgon View, hema jeupe, viti vimefungwa riboni, sufuria za pilau na nyama zikichemka nyuma ya hema. Wageni wa upande wetu walikuwa wameshaketi wakati mvua ilipoanza. Wa Timboroa walikuwa bado njiani. Walipofika, basi lao lilikata kona ya geti, likaingia kwenye nyasi na kuzama mpaka nusu ya magurudumu. Ndani yake kulikuwa na Mama Mungai, shangazi zake, wazee wao na zawadi zao zote.

Sasa mwenye shughuli hawezi kukaa mezani akitazama wakwe zake wakizama. Amos alivua koti, akanikabidhi, akaingia matopeni na viatu vyake vipya. Akasukuma. Okello akasukuma, Brian akasukuma, bwana harusi akakatazwa kusukuma. Gurudumu lilizunguka likawamwagia matope, basi likarudi nyuma, wakaanza upya. Amos alikuwa anaongoza kwa kupaza sauti, "Moja, mbili, pamoja!" na wanakwaya wakiitikia, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho sauti yake nzuri kusikika siku ile. Basi lilipotoka, alikuwa amesimama amejishika magoti, anahema, na koo limekauka kama gunzi. Nilimfuta matope usoni kwa leso yangu, nikamvisha koti lake. Sikugusa kitambaa, hicho kilikuwa na kazi yake.

Hakupata hata muda wa kunywa chai. Mshereheshaji alikuwa ameshashika maiki.

"Mabibi na mabwana, tulieni! Watu wa Timboroa mmefika, tope ni baraka! Sasa shikeni vitambaa vyenu, wale wa makeup poleni sana. Sauti ya Uasin Gishu, baba ya bibi harusi, Mzee Amos!"

Makofi yakapigwa. Upande wa Timboroa watu walivuta viti mbele. Sisi wanakwaya tukajipanga nyuma yake na sare zetu, Brian akabonyeza kinanda kutupa sauti ya kuanzia, ile ya juu, tuliyoifanyia mazoezi wiki zote. Nilitazama kisogo cha mume wangu kama kawaida. Mkono wa kushoto ulikuwa mgongoni. Vidole havikuhesabu chochote.

Akamwangalia Jep. Jep alikuwa amekaa meza kuu karibu na keki, taji kichwani, uso umekakamaa, kama mtoto anayesubiri sindano.

Amos akampungia Brian mkono aache. Akaanza.

Alianza chini. Chini sana, chini kuliko Okello mwenyewe, sauti ya mtu aliyeshinda kutwa akipakia magunia. Katika kwaya, anayeanzisha ndiye anayetuchagulia njia. Akianza mahali, wote tunamfuata hapo. Pale alipoanza hapakuwa na mahali pa mtu mwingine. Soprano wakatazamana. Brian alitafuta ufunguo kwa vidole, hakuupata, akaviweka vidole magotini. Nasi tukabaki tumesimama na sare zetu, kwaya nzima ya watu wazima wasio na kazi.

*Kuku wamelala, ndama amelala...*

Hakuna kona. Ndama alilala mara moja, kama inavyotakiwa.

"Hatusikii!" mtu akapaza sauti kutoka upande wa Timboroa. "Ongeza maiki!"

Maiki alikuwa ameishika chini huku tumboni, amesahau kama anayo. Nilimsikia Mama Mungai akimwuliza jirani yake, "Kwani ndiye huyu walikuwa wanasema?" Mwingine akajibu kwamba labda ni mgonjwa. Watoto walianza kukimbia kati ya viti. Mtu mwenye kupenda sifa kama Amos, siku nyingine yoyote angekufa papo hapo. Lakini uso wa Jep ulikuwa umefunguka, na nadhani hakuwa anasikia mtu mwingine hemani.

*Mvua imechoka kupiga mabati,*
*mbwa wa jirani amemaliza maneno.*
*Na wewe, Jep, unangoja nini?*

Mvua kweli ilikuwa juu ya hema, na haikuwa imechoka hata kidogo.

Hapo ndipo palikuwa pa ubeti wa tatu. Kwaya nzima ilikuwa imevuta pumzi. Okello alikuwa ameshafungua mdomo. Nilitazama mkono wa Amos nikingoja uende mfuko wa kushoto, na nikaomba, Mungu nisamehe, nikaomba kimoyomoyo asiimbe kuhusu umande.

Alisimama tu. Hakuwa na cha kuongeza, kwa sababu miaka yote ile hakuwahi kuhitaji kuongeza; mtoto alikuwa akifika hapo amelala. Na sasa mtoto alikuwa amekaa na gauni jeupe, macho makavu, yuko macho kabisa, watu mia tatu wakingoja.

Basi Jep akasogeza sahani. Akaweka kiganja mezani, akalaza shavu juu yake, taji likaenda upande, akafumba macho.

Amos akaona. Akainama, akaiweka maiki kwenye nyasi polepole, isitoe sauti, ingawa ilikwaruza kwenye spika zote. Kisha akageuka na kuondoka kwa ncha za vidole. Viatu vyake vilikuwa vimejaa maji ya Elgon View, vikalia kwich, kwich, kwich, kila hatua, na kila vilipolia alisimama kidogo, akatazama nyuma kama amemwamsha, kisha akaendelea. Alipofika kwenye nguzo ya hema mkono wake uliinuka ukapapasa ile nguzo, ukitafuta swichi ya taa. Haikuwepo. Akatoka.

"Eeeh," mshereheshaji akasema. "Mzee... tumpigie makofi? Ama ameenda haja ndogo?"

Mtu mmoja akaanza kupiga makofi. Nikageuka mbele ya wakwe zangu wote, mimi ambaye hakuna anayenisikia, nikatoa "Shhhh!" iliyofika mpaka getini. Hema likanyamaza. Jep hakufumbua macho, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika, na Mungai, Mungu ambariki, alikuwa na akili ya kumfunika kwa koti lake bila kuuliza.

Nikashusha sare yangu vizuri nikamfuata Amos.

Nilimkuta nyuma ya hema, kwenye sufuria, amesimama kati ya moshi na mvua. Uso wake wote ulikuwa umelowa, na pua inamwagika, hata hakujua mikono aiweke wapi. Kitambaa kilikuwa bado mfukoni, kimekunjwa mara nne kama nilivyokipiga pasi.

Nilitaka kumwambia mengi. Nilitaka kumwambia watu wa Timboroa wanasema amezeeka, na kwamba kesho hakuna atakayemwalika hata kwenye mazishi ya kuku. Badala yake nikamuuliza nilichomuuliza siku zote.

"Amelala?"

"Amelala," akasema. Halafu akamgeukia mpishi aliyekuwa anafunika pilau. "Wewe, kijana, tafadhali. Usigonge sufuria."